Tunajibu Maswali Yenu: Kupunguza Uzito Bila Kuzidiwa na Njaa

Barua nyingi za safari hii zinaishia pamoja: wiki mbili za kwanza mtu anakwenda vizuri, ya tatu njaa inamwangusha. Tumechagua chache, na zinazofanana tumezijibu kwa mkupuo. Kikombe tunachokitaja humu ni cha mililita 250, kijiko cha chakula mililita 15, kijiko cha chai mililita 5.

SWALI: Shikamooni. Nina kilo 86 na urefu wa sentimita 160. Mwezi uliopita niliacha ugali na wali kabisa. Asubuhi nakunywa chai ya rangi, mchana tikitimaji na kachumbari, usiku najitahidi nisile kitu. Ikifika saa kumi jioni nakosa nguvu, kichwa kinauma, na usiku naishia kukomba sufuria ya watoto. Je, sina nia ya kweli? – Karani, Morogoro

JIBU: Marahaba, dada. Nia unayo, chakula ndicho huna. Hebu tuhesabu. Tikitimaji ni maji kwa zaidi ya asilimia 90; sahani nzima ya gramu 400 ina kilokalori 120 na protini kama gramu mbili. Kachumbari isiyo na mafuta haifiki kilokalori 50. Mwili wa kilo 86 wenye kazi ya kukaa ofisini hutumia karibu kilokalori 2,000 kwa siku. Kwa hiyo tangu uamke hadi saa kumi umeupa chini ya sehemu ya kumi ya mahitaji yake. Sufuria ya usiku ni mwili unaodai deni lake, na kwa kawaida hudai na riba.

Tumbo halijui kuhesabu kilokalori. Shibe inakuja kwa njia tatu. Kwanza, tumbo linatanuka kwa wingi wa chakula na maji. Pili, protini na mafuta yakifika kwenye utumbo, utumbo unatoa homoni zinazoupa ubongo taarifa kwamba chakula kimeingia. Tatu, nyuzinyuzi zinachelewesha chakula kutoka tumboni, shibe inadumu. Tikitimaji linakupa lile la kwanza tu, tena kwa nusu saa, kwa sababu maji hayakai tumboni.

Kwa mwili wako lenga kilokalori 1,500 hadi 1,600 kwa siku. Ukishuka chini sana ya hapo utapungua haraka siku chache, halafu yatakukuta yaleyale. Siku inaweza kwenda hivi.

Asubuhi, mayai mawili ya kuchemsha, kiazi kitamu kimoja cha wastani (gramu 150) na chai ya maziwa isiyo na sukari. Hapo una kilokalori 330 hivi.

Mchana, ugali wa unga gramu 70, kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva, mchicha au matembele vikombe viwili, na mafuta vijiko viwili vya chai kwa mapishi yote ya sahani yako. Jumla ni kilokalori 600 na protini kama gramu 25. Sehemu kubwa ya protini hiyo inatoka kwenye maharage, kwa hiyo usiyafanye kitoweo cha kulowekea ugali, yale.

Saa kumi, glasi moja ya mtindi usiotiwa sukari. Usingoje njaa ikuzidi. Inywe ingawa unajiona unaweza kustahimili, kwa sababu glasi hiyo ndiyo inayoilinda sufuria ya usiku.

Usiku, kipande cha samaki kama kiganja bila vidole, mboga za majani nyingi, na viazi viwili vya kuchemsha au ndizi mbili za kupika.

Kuhusu ugali: pima unga kwa mizani mara moja, gramu 70, upike peke yake, uangalie bonge lake lina ukubwa gani. Baada ya hapo jicho litatosha. Dona halina kilokalori chache kuliko sembe, kama wengi wanavyodhani. Faida yake ni nyuzinyuzi, na kwa mwenye njaa hiyo si faida ndogo.

Kosa tunaloliona mara nyingi zaidi ni kuufukuza ugali na kuyaacha mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kilokalori 120, sawa na unga wa mahindi gramu 33, ambao ukiupika unatoka ugali wa kuonekana sahanini. Mafuta hayo mchichani huyaoni wala hayakushibishi. Kwa hiyo kabla ya kugusa wanga, acha kumimina mafuta kutoka kwenye dumu; pima kwa kijiko. Kikaangio kikianza kukauka, ongeza maji kidogo, kitunguu na nyanya vitaiva tu.

Kama hukuzoea maharage kila siku, anza na nusu kikombe kwa wiki moja. Yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya. Gesi itapungua sana. Na ukiongeza nyuzinyuzi ongeza na maji ya kunywa, la sivyo utapata choo kigumu ukalaumu maharage.

SWALI: Ni kweli kwamba maji yanaua njaa? – Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Yanaipunguza kwa muda, na wakati ndio wenye maana. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2010 uliwapa watu wazima wa miaka 55 na zaidi mililita 500 za maji kabla ya kila mlo, kwa wiki 12. Walipungua kama kilo mbili zaidi ya wenzao waliokula mlo wa aina ileile bila maji hayo. Kunywa nusu lita dakika 20 hadi 30 kabla ya kula. Supu nyepesi inafanya kazi vizuri zaidi, mradi mafuta yanayoelea juu umeyaengua. Lita nne za maji kutwa nzima badala ya chakula zitakufanya uende msalani tu.

SWALI: Naendesha bajaji kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku. Sipiki. Nakula chipsi mayai mchana, soda mbili, usiku wali kwa mama ntilie. Kitambi kimenizidi ila nikikosa kula siwezi kuendesha. Nifanyeje? – Dereva, Mbagala

JIBU: Kaka, usijaribu kukosa kula. Dereva mwenye njaa ni hatari kwake na kwa abiria. Badilisha unachoagiza.

Anza na soda, maana ndiyo rahisi. Chupa ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hivi, karibu kilokalori 140. Mbili kwa siku ni 280, na ukishazinywa hupunguzi hata tonge moja la wali, kwa sababu vinywaji vyenye sukari vinapita bila ubongo kuviona kama chakula. Maji ya miwa hayapishani sana na soda. Kahawa chungu ya kijiweni haina shida, shida ni kashata.

Sasa chipsi. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kiasi cha kilokalori 240, wakapima shibe kwa saa mbili. Mkate mweupe waliupa alama 100. Viazi vya kuchemsha vilipata 323, juu ya vyote. Samaki alipata 225, machungwa 202, mayai 150. Chipsi, ambazo ni viazi vilevile, zilipata 116. Ni mmea uleule. Mafuta yakiingia na maji yakitoka, kilokalori zinajazana kwenye tonge dogo. Chipsi mayai ya sahani ya kawaida inavuka kilokalori 800 kirahisi, na bado saa kumi unatafuta cha kutafuna.

Kwa mama ntilie sema kabla hajapakua, si baada: wali nusu, maharage mara mbili, mboga za majani za kutosha, samaki au nyama kipande kimoja, mchuzi usimwagwe juu ya wali. Mchuzi wenye mafuta ukimwagwa huwezi kuutoa tena. Ukiongeza pesa kidogo kwa maharage ya pili, ile ya soda imeshalipa.

Njiani kuna vyakula vizuri kuliko watu wanavyodhani. Mayai ya kuchemsha ya wale vijana wenye ndoo, mawili na kachumbari, chumvi kidogo. Hindi moja la kuchoma. Chungwa, ulile, usilikamue. Mishkaki miwili mitatu isiyo na mafuta mengi. Karanga zinashibisha kweli, ila gramu 30, yaani konzi moja, zina kilokalori 170. Nunua kifuko kidogo, usiweke mfuko mkubwa kando ya usukani. Muhogo wa kuchoma peke yake ni wanga mtupu, utakushika saa moja na nusu. Ule pamoja na mayai.

Na punguza mwendo wa kula. Taarifa ya shibe huchukua kama dakika 20 kufika ubongoni. Sahani iliyoisha kwa dakika sita kati ya abiria wawili itakuacha ukidhani hujala, utaagiza chapati.

SWALI: Kila siku saa nne kamili asubuhi nasikia njaa hata nikiwa nimekula saa moja. Ni minyoo? – Mwalimu, Kisii

JIBU: Huenda ni saa ya chai ya shule. Tumbo hutoa homoni iitwayo ghrelini, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999, ambayo huamsha njaa. Hupanda kabla ya muda uliouzoesha mwili kula, ukila au usipokula, kisha hushuka yenyewe. Ukiacha kula saa nne kwa wiki moja hadi mbili, wimbi hilo linafifia.

Jaribio rahisi: jiulize kama ungekula kiazi cha kuchemsha kisicho na chumvi sasa hivi. Ukikubali, una njaa, kula. Ukikataa kiazi lakini andazi unalikubali, subiri dakika 20, kunywa chai isiyo na sukari, endelea na kazi. Jaribio hili si la mwenye kisukari anayetumia dawa. Lake liko chini.

Minyoo ipimwe kwa choo, si kwa saa.

SWALI: Asalaam aleikum. Ramadhani kila mwaka nafunga siku zote lakini ikifika Idi nimeongezeka kilo mbili au tatu. Mchana njaa na kiu, usiku siwezi kujizuia. Daku siingojei, nakula saa tano usiku nikalala. – Mama wa nyumbani, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Swali lako linawahusu wengi wa pwani, na jibu lake lina sehemu mbili: jinsi unavyofungua, na daku unayoiruka.

Daku ya saa tano usiku si daku, ni chakula cha pili cha usiku. Unakwenda kulala umeshiba, na mchana kutwa mwili hauna kitu kinachodumu. Amka kabla ya alfajiri, hata kama ni kwa nusu saa. Kula kinachokawia tumboni: kunde, mbaazi au maharage kikombe kimoja yasiyo na tui zito, yai moja au mawili au mtindi glasi moja, na wanga kiasi, iwe ugali wa dona, viazi vitamu au wali usiozidi kikombe. Chai na mkate mweupe wenye jemu hupita haraka. Saa tatu asubuhi utakuwa na njaa ya magharibi. Punguza chumvi daku, na achana na achari na samaki wa chumvi, kwa sababu kiu ya mchana watu wengi huihesabu kama njaa. Maji yanywe kidogo kidogo tangu magharibi hadi daku, glasi nane hivi. Glasi nne za mkupuo alfajiri zitatoka zote kabla jua halijapanda.

Kuhusu kufungua, mila yenyewe ina dawa nzuri kama haikurukwa. Tende tatu, maji au supu nyepesi, kisha swala ya magharibi, halafu ndipo mkeka wa futari. Hizo dakika 15 hadi 20 ndizo tumbo linazohitaji kupeleka habari. Anayekula tende kumi, glasi mbili za sharubati na sambusa tatu kabla ya swala amekula mlo mzima akiwa bado anajiona hajaanza.

Mkeka wa futari ukijaa mihogo ya nazi, tambi za sukari, viazi vitamu vya nazi na mkate wa sinia, vyote hivyo ni wanga na mafuta. Chagua kimoja chenye wanga, si vinne, na ule nacho samaki, kuku au kunde. Kikombe cha tui zito kinaweza kuwa na kilokalori 500. Kwa familia ya watu watano, pika na tui jepesi, kisha malizia na nusu kikombe cha lile zito; ladha inabaki. Sambusa na bagia ziwe za siku mbili kwa wiki. Tunajua kuna nyumba ambako kusema hivi ni kutafuta ugomvi, basi weka mbili kwenye sahani yako na sinia lirudi jikoni. Sinia likibaki mbele yako baada ya tarawehe, hakuna homoni itakayokuokoa.

Kupunguza uzito Ramadhani si lazima. Ukimaliza mwezi na uzito uleule ulioanza nao, umefanya vizuri sana.

SWALI: Naona matangazo ya chai ya kupunguza tumbo na vidonge vya mitishamba vya kukata hamu ya kula. Vinafaa? Na zile sindano za kupunguza uzito? – Muuza nguo, Mwanza

JIBU: Chai nyingi za aina hiyo zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Mizani inashuka kwa sababu umepoteza maji na kinyesi. Mafuta ya tumboni yako palepale. Ukitumia muda mrefu utapoteza madini ya potasiamu, na potasiamu ikishuka sana moyo unaweza kuyumba.

Vidonge vinatutia hofu zaidi. Kinachoitwa cha mitishamba lakini kinakata njaa kabisa ndani ya siku mbili, kinakausha mdomo, kinakunyima usingizi na kufanya moyo udunde, huenda kina sibutramini. Dawa hiyo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, lakini imekutwa mara nyingi imechanganywa kimyakimya kwenye bidhaa za kupunguza uzito. Ukikutana na dalili hizo acha mara moja, chukua kopo lenyewe nenda nalo hospitali. Kabla ya kununua, uliza kama bidhaa imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA.

Sindano kama ya semaglutidi ni habari nyingine. Inaiga homoni ya shibe inayotoka utumboni, na inafanya kazi. Ni dawa ya daktari, ina kichefuchefu na kutapika kwa baadhi ya watu, ni ghali, na wengi wakiiacha hurudisha sehemu kubwa ya uzito. Usiinunue kwa mtu wa mtandaoni asiyejulikana. Sindano hiyo inatakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi, nawe hujui ilikopitia.

Limau na maji ya vuguvugu havichomi mafuta. Kama unavipenda, kunywa.

SWALI: Nilikuwa na kilo 104, sasa nina 93. Cha ajabu, njaa niliyonayo sasa ni kubwa kuliko nilipoanza, na mizani imesimama wiki tano. Nakula kama zamani nilivyopanga. Kuna nini? – Fundi umeme, Arusha

JIBU: Hongera kwanza, umeondoa zaidi ya sehemu ya kumi ya uzito wako, na kwa shinikizo la damu na sukari hiyo ni faida kubwa hata usiposhuka tena.

Si ajabu. Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, inayouambia ubongo kwamba akiba ipo. Akiba ikipungua, leptini inashuka, ghrelini inapanda, na ubongo unasoma kwamba kuna ukame. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2011 uliwafuata watu walioshuka uzito kwa mlo mdogo sana wa wiki kumi; baada ya mwaka mzima homoni zao zilikuwa bado zinavuta upande wa njaa. Wakati huohuo mwili mdogo unatumia nguvu chache, kama kilokalori 20 hadi 30 pungufu kwa siku kwa kila kilo iliyotoka. Kwako ni 220 hadi 330. Mpango uliokushusha kutoka 104 leo unakushikilia palepale.

Tunachokushauri ni kuacha kupunguza kwa wiki mbili hadi nne. Ongeza kilokalori 200 kwa siku, ziwe za protini na wanga wenye nyuzinyuzi, si bia. Lengo ni kilo 93 ibaki 93. Njaa itapoa kiasi, usingizi utarudi. Mizani inaweza kupanda kilo moja siku za mwanzo. Hayo ni maji na chakula kilichomo tumboni.

Kisha rudi kwa upungufu mdogo, kilokalori 300 chini ya unachotumia, usishushe zaidi. Protini ifike gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Kwa kilo 93 ni gramu 110 hadi 150, na hapo ndipo wengi wanapokwama kwa sababu ya bei ya nyama. Dagaa wakavu ndio jawabu la bei nafuu: gramu 30 zina protini isiyopungua gramu 15. Waoshe kwa maji ya moto kutoa mchanga, wakaushe kwenye kikaangio bila mafuta, halafu nyanya na kitunguu. Wakikaangwa kwa mafuta ya kuzama, unaondoa ile faida. Maharage kikombe, gramu 15. Yai, gramu sita. Maziwa kikombe, nane. Maziwa na mtindi ndivyo huongezeka polepole bila mtu kuona, kwa hiyo vipime.

Hakikisha pia kwamba “kama zamani” ni kama zamani kweli. Pima mafuta na unga upya kwa siku tatu. Kijiko cha mwezi wa sita huwa kimeanza kujaa kuliko cha mwezi wa kwanza.

SWALI: Mimi ni mlinzi wa usiku. Saa nane hadi saa kumi usiku njaa inanitesa, nanunua mandazi na chai ya sukari. Nikirudi nyumbani silali vizuri. – Mlinzi, Nakuru

JIBU: Usingizi ndio mzizi. Utafiti wa mwaka 2004 uliwalaza vijana wa kiume saa nne tu kwa usiku mbili. Ghrelini yao ilipanda kwa asilimia 28, leptini ikashuka kwa asilimia 18, na walichotamani zaidi ni vitamu na vyenye wanga. Wewe unaishi hivyo mwaka mzima. Ukifika nyumbani ziba dirisha kwa kitambaa kizito, simu nje ya chumba, na chai au kahawa ya mwisho iwe kabla ya saa saba usiku.

Chakula kikuu ule kabla ya kwenda zamu, saa kumi na mbili jioni: ugali, sukuma, na maharage au nyama. Beba kopo la githeri (mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja) lisilo na mafuta mengi, vikombe viwili. Nusu yake ule saa sita, nusu nyingine saa tisa. Njaa ya saa tisa haiepukiki, kwa hiyo iwe imeandaliwa. Aliyebeba githeri hanunui mandazi manne. Asubuhi kabla ya kulala kula kidogo, yai na chungwa, usilale na tumbo tupu likakuamsha saa tano.

SWALI: Nina kisukari, natumia glibenklamaidi. Niliambiwa nipunguze uzito, nikaanza kuruka chakula cha mchana. Sasa mchana natoka jasho, natetemeka, nina njaa ya ajabu. Nivumilie? – Mstaafu, Tanga

JIBU: Shikamoo, mzee. Usivumilie hata dakika moja. Hiyo huenda ni sukari kushuka, na dawa yako ina tabia hiyo mtu asipokula, insulini vilevile. Ukiwa na kipimo, pima. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, au huna kipimo na dalili zipo, kunywa papo hapo nusu glasi ya soda yenye sukari au vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji. Pima tena baada ya dakika 15. Kama bado, rudia. Ikipanda, kula chakula cha kawaida. Mtu akizimia asimiminiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali.

Usiruke mlo tena, na usipunguze chakula kabla ya kuonana na daktari wako, kwa sababu dozi inatakiwa ipungue pamoja na chakula. Nenda wiki hii.

SWALI: Nina vidonda vya tumbo na nataka kupungua. Tumbo likiuma sijui ni njaa au vidonda. – Msomaji, Iringa

JIBU: Njaa ya kawaida huja kama mawimbi na haiunguzi. Maumivu ya kuunguza chini ya kifua, yanayokuamsha usiku wa manane na kutulia ukila, yanaelekea kuwa vidonda. Tibu kwanza, omba upimwe bakteria wa Helicobacter pylori, maana wanatibika. Wakati wa matibabu kula milo midogo minne au mitano. Choo cheusi kama lami, au kutapika damu, ni hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Nanyonyesha mtoto wa miezi minne. Njaa yangu haina mwisho, na nimebaki na kilo 12 za ujauzito. Nianze kujinyima? – Mama, Singida

JIBU: Hapana. Kunyonyesha peke yake kunahitaji takriban kilokalori 500 za ziada kwa siku, ndiyo maana una njaa hiyo. Kula ukisikia njaa, ila uji wenye sukari vijiko sita na supu yenye mafuta ya kuelea wanavyokuletea wakwe, pokea kwa heshima, engua mafuta, uji uombe wenye maziwa na sukari kijiko kimoja. Kunywa maji kila unaponyonyesha. Kupungua nusu kilo kwa wiki hakutadhuru maziwa. Ukizidi hapo, ongeza chakula. Mtoto akifika miezi sita na kuanza kula, mabaki yake yasiwe chakula chako: pakua kidogo, akimaliza ndipo umwongeze.